Sauti Chini ya Ardhi: Dhahabu Iliyookotwa ni ya Nani?



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, mstari wa 44, Bwana wetu anatoa mfano mfupi sana. Mtu mmoja anakuta hazina katika shamba lisilo lake. Hasemi neno kwa yeyote. Anaifukia palepale, anakwenda kuuza mali yake yote, kisha anarudi na fedha za kulinunua shamba. Mara nyingi tumeuhubiri mfano huu, tukitilia mkazo furaha ya mtu yule na gharama aliyokubali kulipa kwa ajili ya Ufalme. Ndivyo ipasavyo. Lakini msomaji mwangalifu, hasa kijana wa darasa la kipaimara ambaye bado haoni haya kuuliza, atataka kujua jambo moja zaidi: je, mwenye shamba aliambiwa?

Swali hilo si la kitoto. Siku hizi limekuwa swali la kila siku, kwa kuwa watu wamepata chombo cha kusikia kilichomo ardhini kabla ya jembe kugusa udongo. Ni chombo cha kugundulia metali, ambacho vijana wetu hukiita ditekta. Kinatumika Australia, kinatumika Sudan, na kinatumika hapa kwetu katika mbuga za Chunya. Basi yafaa tulitafakari jambo hili kwa utulivu, maana linahusu dhahabu, na dhahabu haijapata kuingia mahali ikaacha dhamiri za watu kama ilivyozikuta.

CHOMBO CHENYEWE

Kwanza tukielewe chombo. Ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara upande wa chini. Ndani ya sahani umezungushwa waya. Umeme wa betri ukipita katika waya huo kwa kubadilika-badilika, hutokea nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa nguvu yake ya sumaku, dhaifu sana, inayorudi juu na kupokewa na chombo. Mtafutaji husikia mlio masikioni mwake. Hiyo ndiyo siri yote. Hakuna uganga ndani yake.

Wala chombo hakijui dhahabu ni nini. Kinajua tu kwamba hapa pana kitu kinachopitisha umeme. Kwa hiyo hulilia msumari, ganda la risasi, kizibo cha soda na kipande cha bati. Udongo wenye chuma kingi hukisumbua, kikapiga kelele za bure. Na ile dhahabu ya punje ndogo kama unga hakiisikii. Husikia vipande na mabonge tu. Mtu aweza kuzunguka juani mwezi mzima, akainama mara mia, akarudi nyumbani na mfuko wa misumari. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema kwamba kila ainamaye atakipata.

Chombo hiki hakikuanza kwa ajili ya dhahabu peke yake. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo cha namna hii ili aitafute risasi mwilini mwa mgonjwa. Hakufaulu, na Rais akafariki mwezi Septemba. Katika Vita Kuu ya Pili, ofisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza chombo cha kugundua mabomu yaliyotegwa ardhini, nacho kikatumiwa na jeshi la Waingereza huko El Alamein mwaka 1942. Tuangalie basi: mlio ni uleule. Mmoja anausikiliza ili auokoe mguu wa mwenzake, mwingine anausikiliza ili apate mali. Chombo hakina dhambi wala utakatifu. Swali la haki na dhuluma huanza pale mlio unapofika sikioni mwa mtu.

MABONGE YA VICTORIA

Mahali palipojulikana zaidi kwa kazi hii ni jimbo la Victoria, huko Australia. Watu walianza kumiminika huko kutafuta dhahabu mwaka 1851. Serikali ya kikoloni ilimtoza kila mchimbaji shilingi 30 kwa mwezi kwa ajili ya leseni, apate asipate. Manung'uniko yakazaa mapigano ya Eureka, mjini Ballarat, tarehe 3 Desemba 1854, na watu wakafa. Mwaka uliofuata leseni ile ilifutwa, ikaletwa hati iitwayo haki ya mchimbaji, kwa pauni moja kwa mwaka. Hati ya namna hiyo ipo hata leo. Dhahabu iliyomo ardhini ni mali ya dola, lakini mwenye hati akiipata mahali panaporuhusiwa, inakuwa yake. Akitaka kuingia katika shamba la mtu, sharti kwanza apate ruhusa ya mwenyewe.

Tarehe 5 Februari 1869, mahali paitwapo Moliagul, wachimbaji wawili kutoka Cornwall ya Uingereza, John Deason na Richard Oates, waligonga bonge kubwa la dhahabu lililofunikwa na sentimita chache tu za udongo. Lilikuwa na dhahabu ya kilo 70 hivi. Katika mji wa Dunolly hapakuwa na mizani ya kulitosha, likavunjwa vipande juu ya fuawe la mhunzi. Wangapi walikuwa wamekanyaga juu yake kabla ya siku ile!

Zaidi ya miaka mia moja baadaye watu walirudi katika nchi ileile wakiwa na ditekta. Mwezi Septemba 1980, karibu na kijiji cha Kingower, mtu mmoja aliyekuwa akiishi na mkewe na watoto katika trela alisikia mlio, akafukua bonge la kilo 27. Likaitwa Mkono wa Imani. Hakuna bonge kubwa kuliko hilo linalojulikana kupatikana kwa chombo hiki. Lilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani na nyumba ya kamari ya Las Vegas, likawekwa humo ili watu walitazame.

Hapo naomba msomaji atue kidogo. Kitu kilichopewa jina la imani kikawa pambo la mahali ambapo watu huacha mishahara yao. Sisemi kwamba aliyekiuza alitenda kosa. Aliuza kwa halali. Nasema tu kwamba jina zuri halikitakasi kitu. Kinachokitakasa ni namna kilivyopatikana na namna kinavyotumiwa.

NAMNA TATU ZA KUOKOTA

Maandiko yanatusaidia kutofautisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Kuna, kwanza, kitu kilichopotea. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:1-3, inaagiza kwamba mnyama au vazi la ndugu yako likipotea nawe ukaliona, usijifanye hukuliona, bali umrudishie. Yule mwanamke wa Luka 15 aliyewasha taa na kufagia nyumba alikuwa akitafuta shilingi yake mwenyewe. Kama jirani angaliiokota, ingalikuwa bado ya mwanamke yule. Aokotaye kilichopotea ni mlinzi tu, si mmiliki.

Kuna, pili, kitu kilichofichwa. Mtu wa zamani alikizika, akafa, na warithi wake hawajulikani. Hapo watu wa sheria wamehangaika tangu kale. Kaisari Hadriano wa Rumi aliamua kwamba aliyekuta hazina katika shamba la mwenzake achukue nusu, na mwenye shamba nusu. Desturi inayofanana na hiyo ingalipo Uingereza. Mwaka 2009, huko Staffordshire, mtu mwenye ditekta alikuta katika shamba la mkulima rundo la vitu vya dhahabu na fedha vya karne nyingi zilizopita. Vilithaminiwa zaidi ya pauni milioni tatu, na thamani hiyo ikagawanywa nusu kwa nusu kati yake na mkulima. Lakini mwaka 2015, katika wilaya ya Herefordshire, watu wawili walikuta hazina kama hiyo wakanyamaza, wakaiuza kwa siri kidogo kidogo. Mwaka 2019 walifungwa gerezani. Wangalitangaza, wangalipata fungu lao mchana kweupe.

Kuna, tatu, kitu ambacho hakuna mtu aliyekipoteza wala kukificha. Hilo ndilo bonge la dhahabu. Liliwekwa na Mungu kabla mtu yeyote hajapima shamba wala kupanda mpaka. Hapa ndipo penye ugumu. Mwenye shamba hakuliweka, hakujua kama lipo, wala hakulitafuta. Mtafutaji naye hakuliumba. Nani aseme ni langu?

Sheria ya Tanzania inajibu kwa upande wake. Madini yote ni mali ya umma, chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba ana haki juu ya ardhi anayoilima, si juu ya madini yaliyomo. Anayechimba sharti awe na leseni, na mwenye shamba lenye mazao sharti aridhie. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini ambako hata mchimbaji mdogo anaweza kuuza waziwazi. Hayo ni mema, nasi tuyatii. Lakini sheria hutuambia tusivuke wapi. Haituambii jinsi ya kumtazama jirani usoni.

UKIMYA WENYE FAIDA

Chukueni mfano huu. Katika nchi ya Lupa, wilayani Chunya, dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 wachimbaji wakamiminika. Tuseme kijana mmoja anapita huko na ditekta yake alfajiri katika shamba la mahindi la bibi mjane. Mlio unalia, mzito na safi. Hachimbi. Anaweka alama kwa jiwe, anarudi mchana, anabisha hodi na kuamkia kwa adabu zote. "Bibi, naomba uniuzie kile kipande cha upande wa mtoni." Bibi anataja bei ya shamba la mahindi, kijana analipa bila kuomba apunguziwe. Hakusema uongo hata neno moja. Je, ametenda haki?

Wako watakaosema: ndiyo. Nao wana hoja, tusiwadharau. Watasema kijana alitumia fedha zake kununua chombo, akakosa usingizi, akachomwa na jua. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Watasema pia kwamba biashara yote ndivyo ilivyo. Anayejua kuwa mahindi yamepanda bei Dar es Salaam hununua Mbeya bila kutangaza kwa tarumbeta. Kama kila ajuaye angelazimika kusema yote anayoyajua, soko lingefungwa.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini haifiki mbali. Bei ya mahindi mjini ni habari iliyo wazi kwa kila mtu. Bibi anaweza kumwuliza mjukuu wake mwenye simu. Lakini kilichomo chini ya shamba lake hawezi kumwuliza mtu yeyote ila huyuhuyu aliyesimama mlangoni. Tena habari hiyo ilipatikana kwa kuingia shambani mwake bila hodi. Na zaidi ya hayo, mauziano ni mapatano ya watu wawili juu ya kitu kimoja. Hapa vitu vilikuwa viwili. Bibi aliuza shamba la mahindi, kijana akanunua shimo la dhahabu. Walipeana mikono, lakini hawakupatana. Ulimi wa kijana haukudanganya. Ukimya wake ndio uliodanganya.

Mambo ya Deason na mwenzake hayakuwa hivyo. Sururu haisikii. Mwenye kuchimba kwa sururu na asiyechimba wote walikuwa gizani sawasawa juu ya kilichomo chini. Ditekta imebadili jambo hilo moja tu, nalo ni kubwa: imemfanya mmoja asikie na mwingine abaki kiziwi. Haikubadili dhahabu ni ya nani. Imeongeza deni la anayesikia kwa asiyesikia.

"Lakini Mwalimu," mtu ataniambia, "ukimwambia bibi leo, kesho kijiji kizima kitakuwa pale na majembe, na keshokutwa atakuja mwenye nguvu awafukuze wote." Hilo nalo ni kweli, na mtu maskini anayeogopa kunyang'anywa simwiti mwizi. Ila tusichanganye busara na hila. Busara ni kutolitangaza jambo kilabuni. Hila ni kumficha yule ambaye jambo ni lake pia. Bwana Yesu alitupa kipimo katika Mathayo 7:12, kwamba tuwatendee wengine kama tupendavyo kutendewa. Kijana na ajiulize: kama bibi yule ni mama yangu mzazi, na mwenye ditekta ni mgeni, ningependa mgeni afanyeje?

MAPATANO KABLA YA MLIO

Basi tufanye nini? Naona kuna njia moja rahisi, nayo ni kupatana kabla ya mlio.

Kijana na aende kwa bibi kabla chombo hakijawashwa, aseme: "Bibi, nina chombo hiki. Naomba kupima shamba lako. Tukipata kitu, tutafanya hivi na hivi juu ya leseni na mauzo. Fungu langu litakuwa hili, na lako hili. Tusipopata, nitafukia nilipogusa na kwenda zangu." Waandike, na mashahidi wawe wawili, mmoja wao mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa nini mapatano hayo yana haki kuliko yale mengine? Kwa sababu wakati huo wote wawili hawajui. Kijana hajui kama atapata bonge au msumari. Bibi hajui kama ana utajiri au mchanga. Asiyejua upande gani utakuwa na bahati hugawa kwa haki, kama mama anayemwambia mtoto mmoja akate muhogo na mwingine awe wa kwanza kuchagua. Lakini mlio ukishalia, mkono wa mwenye kisu huanza kutetemeka. Maneno yote yanayokuja baada ya mlio yana faida ndani yake, hata yale ya upole.

Njia hii inamlinda kijana mwenyewe pia. Jaribu humkuta mtu akiwa peke yake, alfajiri, na sauti masikioni. Aliyekwisha kupatana hana la kuamua wakati huo. Aliamua jana, moyo wake ulipokuwa mtulivu. Ndiyo maana tunafundisha kwamba ahadi hutolewa kabla ya jaribu.

Na yule mtu wa Mathayo 13 je? Mfano hautufundishi namna ya kununua mashamba, kama vile wakili dhalimu wa Luka 16 hatufundishi kuiba hesabu za tajiri. Unatufundisha thamani ya Ufalme. Lakini yafaa tuone jambo moja: yeye alilipa vyote alivyokuwa navyo. Kijana wetu alilipa bei ya mahindi.

MASHIMO

Liko jambo la pili ambalo si dogo. Mwenye kutafuta huchimba, na mwenye kuchimba huacha shimo. Kutoka 21:33-34 inasema kwamba mtu akifukua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Sheria hiyo ni ya zamani sana, lakini ingeweza kuandikwa jana kwa ajili yetu. Yeyote aliyepita katika nchi ya wachimbaji ameona mashimo yaliyoachwa wazi, ambayo mvua ikinyesha hujaa maji, na ng'ombe na watoto hawajui kina chake. Shimo la ditekta ni dogo, na kulifukia ni kazi ya dakika mbili. Asiyefukia dogo hatafukia kubwa. Mtu aweza kulipa fungu la bibi mpaka senti ya mwisho, na bado akawa na deni kwa mbuzi wake.

JASHO NA BAHATI

Mwisho, tuseme neno juu ya yule aliyepata kwa haki. Atasema, "Ni jasho langu." Kweli, ni jasho lake, lakini wenzake kumi waliozunguka naye walitoka jasho lilelile wakarudi na vizibo vya soda. Jitihada haiondoi kudura. Mshahara unafuata kazi. Bonge la dhahabu halifuati chochote. Kwa hiyo aliyelipata asiseme amelistahili, na aliyelikosa asidhani ameadhibiwa. Aliyepata ana sababu ya kushukuru, na shukrani isiyofungua mkono ni maneno matupu. Mambo ya Walawi 19:9-10 inamwagiza mkulima asivune mpaka pembe za shamba, bali aache kitu kwa maskini na mgeni. Kama aliyelima na kupalilia anaagizwa hivyo, si zaidi yule aliyeokota?

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinawasifu wachimbaji kwa ajabu. Kinasema jinsi mtu anavyopasua miamba na kupeleka mwanga mahali pa giza ambapo hata jicho la tai halijafika. Kisha ghafla kinageuka na kuuliza hekima inapatikana wapi, na kujibu kwamba haipimwi kwa dhahabu. Hakuna ditekta inayoilia hekima. Wala hakuna inayomlilia jirani yako; huyo sharti umsikie kwa masikio uliyozaliwa nayo. Vijana wetu waendao Chunya na kwingineko, tusiwalaani wala tusiwacheke. Tuwaombee, tuwafundishe kupatana kabla ya mlio, na kufukia mashimo yao. Mungu awarudishe salama, wamepata au wamekosa, wakiwa watu ambao bibi yule anaweza kuwaona kanisani Jumapili akafurahi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya Biblia:

1. Ni habari gani za biashara ambazo mtu hana wajibu wa kumwambia muuzaji, na ni zipi ambazo kuzificha ni dhuluma? Toeni mifano ya hapa kwetu.

2. Ni mapatano gani mengine katika nyumba na mashamba yetu ambayo tungefanya vema kuyaweka kabla hatujajua nani atafaidika?

3. Parishi ikiletewa sadaka kubwa kutoka machimboni, yafaa iulize imepatikanaje? Kama ndiyo, iulize kwa namna gani bila kumvunjia mtoaji heshima?